Spoku za Fundi Gratien

Nimepigwa kofi mara mbili nikiwa kazini, na watu wa nyumba moja. La kwanza lilinitoa jino. Hili mnaloliona hapa mbele, jeupe kuliko wenzake, ni la bandia, na nikilala nalitia kwenye glasi ya maji. Aliyelitoa la asili ni Gratien, fundi baiskeli wa Mishamo. Miaka yote hii mtu akiniuliza nasema nilianguka bafuni. Nimechoka kusema uongo, na uongo wenyewe haukuwa wa kumlinda yeye. Ulikuwa wa kunilinda mimi.

Naitwa Mwamvita, mzaliwa wa Kashaulili hapahapa Mpanda. Miaka hiyo nilikuwa mhudumu wa chumba cha meno kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja. Nachemsha vyombo, nashika taa, nafuta damu, natunza daftari. Daftari ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Palikuwa na mtaalamu wa kunyoosha meno ya watoto, Daktari Nkwabi, Msukuma mfupi mwenye sauti ya mnadani, aliyekuja na treni kutoka Tabora mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti. Matibabu bure. Kila ziara anachukua watoto kumi na wawili, hazidishi hata mmoja, na watoto waliokuwa wanahitaji ni wengi mpaka unachoka kuandika. Kwa hiyo unaandikisha mwanao, unasubiri. Mwezi mmoja kabla ya ziara nabandika mlangoni orodha ya waliofikiwa, kila mtu ajisomee. Mtoto asiyeitika siku ya kuitwa anakuwa wa kwanza ziara inayofuata. Mtoto akifika miaka kumi na minne anatolewa, maana daktari alisema mfupa ukishakomaa haunyooki tena. Hizo ndizo sheria, na mwenye kalamu ni mimi.

Sasa huyo Gratien. Mengi ya nyumbani kwake nimesimuliwa na mkewe, Vestina, ambaye leo hii ni kama ndugu yangu. Gratien alizaliwa Burundi. Mwaka wa sabini na mbili, akiwa kijana wa miaka kumi na tano, alijificha kwenye migomba akaona baba yake anapigwa marungu mpaka hana uso. Yeye na mama yake, Katarina, wakakimbia, na mwisho wa safari zote lori likawashusha Mishamo, makazi ya wakimbizi, wakati huo msitu mtupu, wakapewa shoka na panga. Wakafyeka, wakalima mahindi na maharage kama wengine. Vestina anasema mumewe hakuwahi kulia kwa ajili ya baba yake. Alichofanya ni kupiga watu. Mkono wake ulikuwa unatangulia mdomo. Ukimchekea wakati asipotaka kuchekewa, umeshakula ngumi.

Lakini mpe baiskeli. Rimu imejikunja kama chapati, mafundi wengine wanakwambia katupe, yeye anaipindua baiskeli, anazungusha gurudumu, anafumba jicho moja. Likiyumba kushoto anakaza spoku za kulia, robo mzunguko tu, anazungusha tena, anakaza tena. Anaweza kumaliza asubuhi nzima kwenye gurudumu moja bila kufoka. Watu walitoka hadi vijiji vya mwisho kuja kumtazama, na Mishamo baiskeli ndiyo gari, ndiyo mkokoteni, ndiyo machela ya mgonjwa. Alijulikana.

Mtoto wake wa kwanza ni Séverine. Binti mzuri, macho makubwa, ila mdomo haufungi. Meno ya juu yametoka mbele, mawili yamepandana, na chonge moja limechomoza juu kabisa kwenye ufizi kama limekosea njia. Shuleni wakamwita Reki. Akaivumilia hiyo Reki mpaka siku moja, ana miaka kumi na mmoja, mtoto wa jirani yao Ponsian akaiimba mbele ya darasa zima. Séverine akaokota tofali akampiga nalo la uso. Pua ikavunjika. Jioni Ponsian akaja na panga uani kwa Gratien, akamkata begani, na Gratien akamvunja mkono kwa foki ya baiskeli aliyokuwa anaitengeneza. Damu ya watu wazima wawili ikamwagika uani kwa ajili ya jina la utani.

Ndivyo walivyokuja kwangu mara ya kwanza, Agosti ya tisini na tatu. Baba kashonwa bega, mama kabeba ndoo ya maharage ya zawadi, mtoto kafunika mdomo na kiganja. Daktari Nkwabi alikuwa anaondoka kesho yake, akamtazama harakaharaka. Akageuka.

"Huyu alipokuwa mchanga mlimtoa meno ya plastiki?"

Nyie mnayajua meno ya plastiki. Mtoto mchanga ana homa, anaharisha, bibi anamfunua mdomo, anaona ufizi umevimba mweupe, anasema hayo ndiyo yanayomuua, yatolewe. Miaka ile nchi nzima ilikuwa inatoa. Vestina akasema ndiyo, alikuwa na miezi mitano, tulikuwa tunampoteza.

"Yale hayakuwa ya plastiki," daktari akasema. "Ni mbegu za meno yake mwenyewe. Mtu amechokonoa na kuharibu shamba, na sasa mnashangaa mahindi yameota upande. Aliyefanya hivi alitakiwa afungwe."

 Nilimwona Gratien anashika ukingo wa meza yangu mpaka kucha zikabadilika rangi. Nikaandika: Séverine binti Gratien, Mishamo, namba thelathini na moja. Nikapiga hesabu nikawaambia zamu yake itaangukia Februari ya tisini na tano, atakuwa na miaka kumi na mitatu, mtawahi. "Msikose siku hiyo," nikasema. Akasema hatukosi.

Walipofika nyumbani aliweka baiskeli chini akaenda moja kwa moja kwa mama yake. Vestina alimkimbilia. Bibi Katarina alikuwa anapepeta mahindi. Gratien akapiga teke ungo, akamshika mama yake kifuani pa gauni, akanyanyua mkono. Mama mzazi. Na yule bibi, mwembamba vile, hakujikinga. Akamwuliza, "Na spoku alinichongea nani?"

Maana meno ya plastiki hutolewa na spoku ya baiskeli. Imenolewa ncha, imepitishwa motoni. Ile iliyoingia mdomoni kwa Séverine ilikatwa kwenye gurudumu la zamani na kunolewa kwenye jiwe na baba yake, ambaye ndiye alimshika kichwa pia. Mkono ukashuka. Vestina anasema mumewe alirudi ndani akalala na viatu, na tangu siku hiyo hakumtazama binti yake usoni wakati anakula.

Akasubiri mwaka mmoja na nusu. Kila ukuta wa nyumba yake aliandika kwa mkaa: Februari.

Mkimbizi wa Mishamo wakati ule hatoki kwenye makazi bila kibali. Unaenda ofisini, unaeleza safari, unaandikiwa siku. Februari ya tisini na tano Gratien akaandikiwa siku nne, akaja na Séverine tarehe niliyowaambia. Treni haikuja. Mvua zilikuwa zimekula reli. Watu wa vijijini wakarudi makwao kusubiri, yeye akabaki, wakalala kwenye baraza la soko hapa Kashaulili, siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Siku ya tano mgambo wawili wakamdai kibali. Kimekwisha jana. Akaeleza, hawakumsikiliza, mmoja akamvuta mtoto kwa kilemba. Hapo ndipo alipokosea, kama kweli ni kukosea. Akampiga yule mgambo kichwa cha pua. Wakamshukia na virungu mbele ya wauza dagaa, wakampiga magoti, wakampiga mbavu, na Séverine kamng'ata mmoja wao mkono na hayohayo meno ya Reki mpaka akapiga mayowe. Mimi nilikuwa nimeenda kununua nyanya. Nilimwona. Nilimtambua. Nikajiambia hayanihusu, nikaondoka na nyanya zangu. Wakawarudisha Mishamo kwa lori usiku uleule.

Kesho yake treni ikaingia.

Nikaita majina. Séverine binti Gratien. Nikaita mara tatu kama sheria inavyotaka, huku najua kabisa yuko wapi na kwa nini hayupo. Nikamwingiza anayefuata. Siku tatu baadaye Gratien akatokea mlangoni na kibali kipya, jicho moja limefumba, anachechemea, kamshika mtoto mkono. Nafasi zimejaa. Nikamwambia, "Rudi Agosti."

Nilimwambia hivyo tu, kikavu, bila kunyanyua kichwa kwenye daftari. Sikumwambia pole. Sikumwambia kwamba Agosti atakuwa wa kwanza. Nilikuwa na foleni ndefu na kiburi cha kalamu.

Akanipiga. Sikuona mkono, niliona sakafu. Jino lilikuwa kwenye ulimi wangu kama punje ya mahindi. Wakaja walinzi, wakaja polisi, mahakama ikampa miezi sita, na mimi nilikwenda kutoa ushahidi na kitambaa mdomoni ili hakimu aone vizuri.

Sasa sikilizeni sehemu yangu. Jioni ile, ufizi unanipwita, nilifungua daftari. Kwa sheria nilitakiwa kuandika jina la Séverine juu kabisa ya orodha ya Agosti. Nikachukua kalamu nyekundu nikalipiga mstari. Sikulishusha chini, nililifuta. Nikajisemea, mtoto wa mhuni ataolewa hivyohivyo. Nilisikia raha, jamani. Sitawaficha, nilisikia raha mpaka maumivu yakapungua.

Julai nikabandika orodha mlangoni. Vestina akaja peke yake, amepanda lori la mahindi la Seleman, mfanyabiashara wa huku mjini anayekwenda Mishamo kila wiki. Nilimwona dirishani. Alisoma kwa kidole kuanzia jina la kwanza hadi la kumi na mbili. Akaanza tena juu. Akageuka akaniona, na mimi nikainama kama natafuta kitu mezani. Hakuniuliza. Angeniuliza vipi, mumewe kanitoa jino? Akaenda zake.

Gratien alikuwa amefunguliwa wiki ileile, wamempunguzia theluthi na siku kadhaa. Mke akamwambia, jina halipo. Hata mwisho halipo. Vestina alitegemea atavunja kitu. Hakuvunja. Akauliza, "Atafikisha kumi na nne lini?" Akajibiwa Januari. Akaenda kibandani kwake.

Kulikuwa na mtoto mmoja hapo Mishamo, Patrick, mtoto wa mchungaji, ambaye alikuwa na waya wa Daktari Nkwabi na meno yake yalishaanza kukaa sawa. Gratien akamwita, akampa muwa, akamfunua mdomo juani, akafumba jicho moja. Akatazama waya ulivyozunguka na pale unapovuta. Akatazama muda mrefu. Kisha akamwambia mkewe kwa sauti ya mtu aliyepona, "Kumbe ni rimu."

Msimcheke. Jino limesimama kwenye mfupa kama spoku kwenye rimu, waya unavuta, jino linafuata, kidogo kidogo. Mawazo yake hayakuwa ya kijinga. Kama kuna mtu Tanzania nzima aliyeijua ile robo mzunguko, ni yeye.

Akachagua spoku mpya, akazikata, akazipinda, akazichemsha kwenye sufuria ya uji. Vestina akakataa, wakapigana. Alimvunja mkewe kidole kimoja, mpaka leo hakinyooki. Bibi Katarina akamshika mtoto miguu, safari hii analia. Séverine mwenyewe ndiye aliyesema, "Niacheni, Baba anajua." Akafungua mdomo. Baba akapitisha waya mbele ya meno manne ya juu, akaufunga kwenye magego, akaweka nati za spoku mbili, kila upande moja. Kila asubuhi kabla ya uji anamwita, anatia spana, robo mzunguko. Mtoto anashika kigoda, machozi yanatiririka, hatoi sauti. Wiki ya kwanza meno yakasogea. Yalisogea kweli. Gratien akamtazama binti yake usoni akacheka, na Vestina anasema ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili. Akaongeza ikawa nusu mzunguko, maana Januari ilikuwa inakuja.

Wiki ya tatu ufizi ukaanza kunuka.

Agosti Daktari Nkwabi akashuka kwenye treni, akaingia ofisini na mkoba wake, na neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Yule wa Mishamo yuko wapi? Nimemwekea nafasi. Waya wake nimekuja nao." Alikuwa na kijitabu chake mwenyewe, mimi sikujua. Jina la Séverine lilikuwa la kwanza. Nikasema hajafika. Akaniangalia pengo langu, akasema baba kakosa, mtoto hajakosa, mtafute. Nikakimbia na kanga moja hadi kwa Seleman. Nilimwomba nusura nimpigie magoti. Akaondoka alfajiri na ujumbe wangu: mje haraka, jina lipo, daktari anawasubiri.

Walifika siku ya tatu. Harufu ilitangulia. Uso wa Séverine ulikuwa umevimba upande mmoja mpaka jicho limezama, na kitenge alichofunikia mdomo kimelowa usaha. Daktari akamlaza, akafungua, nikashika taa. Nimefanya kazi ile miaka mingi, lakini nilitazama pembeni.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Gratien akasema.

Daktari Nkwabi, mfupi vile, akamkaba koo akambamiza ukutani, kichwa kikalia kama nazi. Akambamiza tena. Gratien mikono ikaning'inia tu. Angeweza kumvunja yule daktari kwa mkono mmoja na sote tulijua. Hakufanya kitu. Alisema, "Kwanza mtoe mwanangu maumivu, halafu uniue." Daktari akamwachia, anahema, akachukua koleo.

Akakata waya. Meno manne ya mbele yakaja nao yenyewe, hayakuhitaji kuvutwa, pamoja na kipande cha mfupa kirefu kama kucha. Chonge lile lililokosea njia tukalitoa pia. Sindano ya ganzi haikushika kwenye usaha, kwa hiyo mtoto alisikia kila kitu. Aliyemshika kichwa ni baba yake, kama alivyomshika akiwa na miezi mitano. Damu ilijaa bakuli mbili. Alipona, niseme mapema. Lakini hakukuwa tena na kitu cha kunyoosha.

Baadaye waliketi kwenye benchi la nje, Séverine katikati, pamba mdomoni. Mimi nilikuja na karatasi ya dawa. Gratien akasimama. Nikajikunyata, mwili unakumbuka. Akasema, "Dada Mwamvita, nilikupiga bila haki. Nirudishie. Piga hapa." Akainamisha uso karibu na mkono wangu. "Nilifikiri nyie mmemfuta. Vestina alisoma hakuliona. Kumbe jina lilikuwepo, ni sisi hatujui kusoma vizuri. Nimemharibu mtoto kwa sababu ya kutojua kusoma."

Vestina alisoma hadi darasa la saba. Akaniangalia. 

Ningeweza kumpiga lile kofi, nikaenda zangu, na hadi leo wangeamini hivyo.  Nikasema, "Halikuwepo. Nililifuta mimi. Kwa kalamu nyekundu, siku ileile uliyonipiga. Daktari ndiye alikuwa nalo kwake."

Nilisubiri mkono wa Gratien. Niliutaka, naapa. Akautazama ule mkono wake kama wa mtu mwingine, akautia kwenye mfuko wa koti, akaukandamiza humo.

Aliyenyanyuka ni Séverine. Alisimama taratibu, akashika ukuta, akanifikia. Akatoa pamba mdomoni, akanipa mkononi nimshikie, imejaa damu yake. Halafu akanipiga kofi, palepale alipopiga baba yake, kwa nguvu zote zilizombakia. Jino la bandia, ambalo Daktari Nkwabi alikuwa amenitia juzi yake, likaruka likaangukia kwenye mchanga.

Hakuna aliyeita mlinzi. Akainama akaliokota, akalifuta kwenye gauni lake, akanirudishia. Kisha akachukua pamba yake mkononi mwangu akaketi kusubiri dawa.